Sungura Wawili Shingoni mwa Gudulia

Nyuma ya majoko ya wafinyanzi, mtaa wa Fustat, mjini Kairo, kuna nyumba moja ya ghorofa nne ambayo ngazi zake zimeliwa katikati kwa miguu ya watu. Ghorofa ya tatu ina milango miwili inayotazamana. Mmoja wa Inshirah, mmoja wa mdogo wake Afkar, baba mmoja mama mmoja. Nafasi iliyo kati ya mlango na mlango hata mtoto anayejifunza kutembea angeivuka bila kuanguka. Wao miaka minne hawakuivuka.

Kisa chenyewe si siri, mtaa mzima unakijua. Mume wa Inshirah, marehemu Abdulmaujud, alikufa mwezi wa Shaabani. Arobaini haijafika, Afkar akamwoza mwanawe Hani. Matarumbeta yakapanda ngazi zile zile ambazo jeneza lilishuka. Afkar alikuwa na sababu zake: Ramadhani inaingia, ukumbi umeshakodiwa, baba wa bibi harusi anarudi kazini Ghuba. Inshirah hakutaka sababu. Afkar alipomletea sahani ya peremende za harusi, Inshirah aliirudisha sahani ile ile na peremende zile zile, hata moja haikuguswa, akaiweka chini mbele ya mlango wa dada yake kama watu wanavyomwekea paka. Tangu hapo, kimya.

Lakini ukuta haukujua kama kuna ugomvi. Inshirah alimsikia Afkar anavyokohoa alfajiri. Alisikia redio yake ya Kurani, na viatu vya plastiki vikiburuzwa kwenda jikoni. Afkar akipika mlenda, akifika pale pa kumwaga kitunguu saumu cha moto kwenye sufuria, alivuta pumzi kwa kishindo, hhaa! kama mama yao alivyowafundisha, maana mlenda usiovutiwa pumzi haukolei. Na Inshirah upande wa pili wa ukuta alijikuta naye amevuta pumzi, hana hata kijiko mkononi.

Watoto hakujaliwa. Alikuwa dobi wa hospitali mpaka alipostaafu, na wenzake wa kufulia wametawanyika, wengine wamekufa. Basi siku ilikuwa ndefu. Alipika maharage ya mtu mmoja, akala, akaosha sahani moja.

Ndipo Umm Shadia, jirani wa ghorofa ya chini, mama wa mabinti watatu na mdomo usiofungwa, alipomgongea.

"Hajja, makumbusho ya hapa kwenye magofu wanafundisha wanawake wa mtaa kazi za mafundi wa kale. Udongo, sijui nini. Chai wanatoa."

"Mimi nikacheze udongo na umri huu?"

"Umri huu unafanya nini kingine?"

Inshirah alikwenda. Kila aliyemuuliza alimwambia anakwenda kwa sababu ya goti, daktari kamwamuru atembee. Ukweli ni kwamba kule kulikuwa na sauti za watu. Umm Shadia alihudhuria siku moja, akasema udongo unaharibu kucha, hakurudi. Inshirah alibaki.

Mwalimu alikuwa binti wa miwani mikubwa, wakimwita Abla Nevine. Siku ya kwanza hakuwapa udongo. Aliwafungulia droo. Ndani, juu ya pamba, vililala vigae vya duara vya ukubwa wa kiganja, vimetobolewatobolewa kama kitambaa cha kudarizi. Kingine ndege, kingine samaki, kingine tembo, vingine nyota na mafundo matupu.

"Haya ni machujio," alisema Abla Nevine. "Ya zama za kati, masultani wakitawala mji huu. Shingo ya gudulia inapokutana na tumbo, mfinyanzi aliacha ukuta mwembamba, akautoboa. Mdudu haingii, na maji hayakumwagikii usoni. Magudulia yalivunjika, yakatupwa jalalani hapa Fustat. Machujio ni magumu, yakabaki."

Inshirah alikiweka kigae cha tembo karibu na jicho. "Na huyu tembo anaonwa na nani, humo shingoni?"

"Anayekunywa."

"Anayekunywa ameinua uso, maji yanamwingia. Haoni kitu."

"Anayechungulia kabla ya kunywa, basi."

"Yaani fundi amekaa kutwa nzima akichonga tembo, kisha akamfungia shingoni mwa gudulia, asubiri mtu mwenye tabia ya kuchungulia."

"Ndiyo, Hajja."

"Alikuwa na kichaa."

Darasa likacheka. Lakini aliporudi nyumbani alichungulia birika, akachungulia chupa ya mafuta, akachungulia hata mdomo wa jagi la plastiki. Humo hakuna aliyemwekea kitu.

Kazi yenyewe ilimshinda mwanzoni, na hilo halifichwi. Usta Ragab, mfinyanzi wa jokoni, ndiye aliyewatengenezea shingo na matumbo kwenye gurudumu lake. Wao kazi yao kutoboa. Udongo unangojewa ukauke mpaka uwe kama jibini. Ukitoboa mapema, tundu linajifunga. Ukichelewa, linapasuka. Na kati ya tundu na tundu lazima ubakize kijidaraja cha udongo, ama sivyo mnyama mzima anaanguka tumboni. Mikono ya Inshirah ilizoea kukamua mashuka ya hospitali, haikuzoea kubembeleza. Chujio lake la kwanza lilitoka kama jibini lililotafunwa na panya.

Yustina, mwanafunzi wa chuo aliyekaa pembeni yake, alichungulia. "Hajja, hili chujio au ungo wa dengu?"

"Na lako wewe, ndege huyo au kiatu?"

"Ni tausi!"

"Basi mvue soksi."

Alivunja mengi. Kila likipasuka, alilirudisha kwenye pipa la udongo na kuomba shingo nyingine, na Usta Ragab akanung'unika kwamba bibi huyu atamaliza mlima mzima wa udongo. Abla Nevine alimkataza kukimbilia kisu. "Tazama kwanza. Kaa na droo. Chora kwa kidole hewani." Inshirah alikaa na droo. Kuandika hakuweza sana, jina lake tu na la baba yake, lakini kutazama aliweza. Akajua kipi kilichongwa na mkono wa haraka na kipi na mkono wa raha. Akajua palipokosewa, fundi akafunika kosa kwa jani.

Kulikuwa na kigae kimoja alichokirudia kila siku. Wanyama wawili wamepeana migongo, shingo zimegeuka nyuma, wanatazamana.

"Hawa wamegombana," alisema.

"Mafundi wa wakati ule walipenda kuwapanga hivyo, Hajja. Hata kwenye vitambaa na sahani."

"Wamegombana, nakwambia. Lakini kila mmoja anataka kujua mwenzake anafanya nini."

Akachagua sungura. Hakumwambia mtu kwa nini. Utotoni walifuga sungura juu ya paa, yeye na Afkar. Afkar aliwapa majina, na siku sungura alipochinjwa, Afkar alikataa kula, akalala na njaa, na Inshirah akala sehemu zote mbili kisha akamwibia mkate na kumpelekea kitandani.

Sungura hao walikuwa wamefika masikioni ndipo Umm Shadia alipoleta habari, amesimama ngazini na kapu la nyanya.

"Umesikia? Hani kapata nyumba Badr, kule jangwani kwenye majengo mapya. Anamchukua mama yake. Jumamosi asubuhi lori linakuja."

"Aende salama."

"Hivyo tu? Hutamvunjia gudulia nyuma yake?" Umm Shadia alicheka. Kila mtu mtaani anajua desturi hiyo: mgeni aliyekuchosha akiondoka, unavunja gudulia nyuma ya mgongo wake, asirudi tena. "Na wewe siku hizi ni mwenye magudulia!"

"Shuka na nyanya zako," alisema Inshirah.

Kuanzia siku hiyo gudulia lile likawa na mwenyewe. Kubisha mlango wa Afkar alikuwa hawezi; mkono ulikataa. Lakini Alhamisi, siku mbili kabla ya lori, maonyesho ya darasa yanafunguliwa makumbusho, milango wazi kwa kila mtu. Afkar akija kama watu wengine wanavyokuja, akasimama mbele ya gudulia kama watu wengine wanavyosimama, Inshirah atamwambia chungulia. Neno moja tu hilo. Hakuna atakayekuwa amemfuata mwenzake. Alilipanga hivyo, akaliona limekaa sawa.

Akasimama ngazini, akaita kuelekea chini kwa Umm Shadia kwa sauti ya kuuza samaki: "Alhamisi maonyesho yetu! Kila mwenye miguu anakaribishwa!" Mlango wa Afkar ulikuwa umefunguliwa kidogo. Alijua, kwa sababu harufu ya kitunguu saumu iliongezeka.

Gudulia lilitoka jokoni zima. Sungura mmoja alikuwa mnene kuliko mwenzake, na sikio moja lilikuwa fupi, lakini walitazamana. Abla Nevine alimshika bega.

Alhamisi ukumbi ulijaa. Taa ndogo zilimulika kila shingo kutoka chini, na machujio yalitupa vivuli vyao ukutani, vikubwa, tausi na samaki na nyota. Yustina alikuja na baba, mama, bibi na shangazi, wote wakapigwa picha na tausi wa soksi. Umm Shadia alikuja na mabinti wake kwa ajili ya juisi. Inshirah alisimama kando ya gudulia lake, amevaa gauni jeusi la sikukuu, kifua mbele. Macho yalikuwa mlangoni.

"Familia yako wako wapi, Hajja?" aliuliza mama yake Yustina.

"Wako njiani."

Walipoanza kuzima taa, bado walikuwa njiani.

Kesho yake alikuwa wa kwanza mlangoni pa makumbusho.

"Abla, nipe gudulia langu."

"Hajja, tumefungua jana! Maonyesho ni mwezi mzima."

"Nimelitengeneza mimi."

"Shingo na tumbo katengeneza Usta Ragab. Wewe umetoboa."

"Basi nipe matundu yangu."

Abla Nevine alicheka mpaka akavua miwani. Inshirah hakucheka. Alikaa kwenye kiti cha mlinzi, mkoba mapajani, akakaa kama mtu aliyekuja kukaa. Mwishowe binti wa watu alilifunga gudulia kwenye taulo, akampa.

"Ni la nani, Hajja?"

"La mtu anayekwenda mahali pakavu."

Jumamosi alilijaza maji tangu alfajiri, akatia tone la maji ya maua ya mchungwa. Gudulia tupu halitolewi. Ni kama kumpa mtu sufuria isiyo na kitu. Kisha akakaa nyuma ya mlango wake, gudulia mapajani, akasikiliza.

Kabati lilishuka. Kitanda kikashuka. "Polepole kwenye kona!" Hani alipiga kelele. "Mama, wewe shuka, ukae mbele na dereva." Vile viatu vya plastiki vilitoka, kufuli likabofya. Halafu vikasimama. Inshirah aliijua pumzi ile, iliyopanda na kushuka upande wa pili wa mbao. Akibisha, alijisemea, nafungua kabla kidole hakijashuka. Nani ajuaye, labda na yule alikuwa akisema, akifungua, naingia. Pumzi ikapanda, ikashuka. Viatu vikaanza kuteremka ngazi.

Lori likaunguruma.

Hapo ndipo Inshirah alipoinuka. Goti likalia, akaliacha lilie. Alishuka na gudulia amelikumbatia, na gudulia la udongo mtupu usiotiwa rangi hutoa jasho. Lilikuwa limelowa tumbo zima kama mtoto aliyetoka kuogeshwa. Alipofika kizingiti cha nje lori lilikuwa limeanza kusogea, Afkar kaketi dirishani, Hani juu ya magodoro. Inshirah aliinua gudulia kwa mikono miwili, lionekane, akafungua kinywa amwite dada yake. Jina lilikuwa halijapita kinywani mwake miaka minne. Likachelewa. Mikono ikateleza.

Pa! Kwenye jiwe la kizingiti. Maji yakaruka hadi kwenye tairi.

Afkar aligeuka. Akaona vigae, akamwona mwenye vigae. Kigelegele kikapasuka kutoka dirisha la Umm Shadia, na Muallim Zinhum, mwenye mkahawa wa ng'ambo ya njia, akapiga makofi. "Kwisha kazi! Hajja Inshirah kamvunjia gudulia! Badr ndiyo makazi!" Mkahawa mzima ukaangua kicheko. Afkar alivuta mtandio wake mbele, akaugeuza uso mbele. Midomo yake ilimwambia dereva kitu kimoja, na lori likaenda.

Inshirah alifungua kinywa kusema limeteleza. Zinhum alikuwa ameshafika na kiti. "Kaa, kaa mama yetu, leo wewe ndiye mwanamke wa mtaa! Chai ya Hajja, minti nyingi!" Mtu akamfuta maji gaunini. Mtu akamwita simba. Tangu Abdulmaujud azikwe hakuna aliyemwekea Inshirah kiti.

Akakaa. Akanywa chai.

Siku iliyofuata alivipeleka vigae makumbusho ndani ya taulo lile lile, kwa kuwa nyumbani hakujua aviweke wapi. Shingo ilikatika vipande, tumbo liligeuka changarawe, lakini chujio lilikuwa zima, na sungura wake. Umm Shadia alimfuata, na kabla Inshirah hajasema lolote, Umm Shadia alikuwa ameshasimulia yote kwa mikono, lori, kishindo, kigelegele.

Macho ya Abla Nevine yaling'aa nyuma ya miwani. "Hii desturi bado ipo hai! Na sisi tunawaeleza wageni habari za kunywa maji tu." Akatandaza mchanga kwenye sinia, akapanga vigae jinsi vilivyoangukia, chujio katikati, akaweka kadi.

"Umeandika nini?" aliuliza Inshirah. Alikuwa ameona jina lake tu.

Umm Shadia alimsomea. "Gudulia lililovunjwa na Hajja Inshirah nyuma ya dada yake alipohama mtaa, ili asirudi."

Hapo angesema. Nafasi ilikuwepo, na watu walikuwa wawili tu. Lakini wanafunzi waliingia, wakasimama mbele ya sinia, hawakusimama kwa tausi. Wageni waliingia, wakasimama. Wakamwomba asimame karibu, wakampiga picha. Akaanza kwenda kila siku, gauni limepigwa pasi.

"Na je, dada alirudi?" watu walimuuliza.

"Hajarudi."

Wakacheka. Yeye pia alitabasamu kidogo, kwa picha.

Jioni alipanda ngazi, na kufuli lilikuwa pale mlangoni pa Afkar, kubwa, jipya. Hakuna kikohozi, hakuna redio. Alipika mlenda siku moja kwa ajili ya kupika tu. Alipomwaga kitunguu alivuta pumzi, hhaa, akasubiri. Ukuta haukuvuta. Mlenda ulipoa kwenye sufuria, akaumwaga.

Simu ilipolia alidhani ni mtu amekosea namba.

"Umeniweka makumbusho?"

Bila salamu, bila chochote. Sauti ya Afkar. Inshirah alitafuta kiti kwa mkono.

"Afkar."

"Usiniite! Mke wa Hani kanionyesha kwenye simu yake. Umesimama umejinyoosha kama bibi harusi, na vigae mbele. Na hata jina langu hukuliandika! 'Dada yake'! Mimi nisiye na jina, nimetupwa jangwani, asubuhi mchanga, jioni mchanga, na wewe unapigwa picha!"

"Liliteleza."

"Nini?"

"Gudulia. Lilikuwa lako. Nililijaza unywe njiani. Lilitoa jasho, likaniteleza."

Upepo ulisikika upande wa Badr, kama kitambaa kinachopigwapigwa.

"Liliteleza," alisema Afkar. "Na kiti cha Zinhum nacho kiliteleza kikaingia chini ya makalio yako? Nilikutazama kwenye kioo cha lori mpaka tukakata kona. Umeketi. Umeshika glasi."

"Niliketi," alisema Inshirah.

"Mtaa unajua kuwa liliteleza?"

"Haujui."

"Basi unaniambia mimi huku ambako hakuna hata mbuzi wa kumpitishia habari! Waliocheka si mimi. Waambie wao. Ukinitaka niamini, nilisikie likitoka kwao. Mpaka siku hiyo usinipigie."

"Wewe ndiye uliyepiga."

"Basi nakata!"

Akakata.

Kulipokucha Inshirah alikwenda kwa Abla Nevine. Hakukaa. "Toa ile kadi."

"Kuna nini, Hajja?"

"Sikulivunja. Liliteleza. Lilikuwa zawadi."

Binti aliiva uso mzima mpaka shingoni. "Mbona hukuniambia? Mimi nimewaeleza watu, nimewapeleka wanafunzi…"

"Hukuniuliza. Na mimi nilipenda kupigwa picha."

Abla Nevine alikaa juu ya ngazi ndogo ya kufungia taa, akaitazama kadi. Halafu akachukua nyingine. "Niandike nini?"

"Andika nililitengeneza kwa ajili ya dada yangu, likaniteleza. Andika Afkar. Herufi zionekane."

Wageni wa asubuhi ile waliisoma kadi mpya, wakatazama sinia kidogo, wakasogea kwa tausi wa Yustina. Hakuna aliyeomba picha.

Alasiri, mkahawa umejaa, Inshirah alisimama mlangoni kwa Zinhum, mahali ambapo wanawake wa umri wake hawasimami.

"Zinhum, punguza redio."

"Karibu simba wetu! Kiti!"

"Sitaki kiti. Gudulia liliteleza."

"Gudulia gani?"

"La dada yangu. Sikulivunja. Nilikuwa nikimpelekea, jina lake likachelewa mdomoni mwangu, gudulia likaniteleza."

Domino zilinyamaza. Kisha mmoja akacheka, na wote wakacheka. "Hajja, usituharibie hadithi! Tumeisimulia mpaka Imbaba!"

"Isimulieni tena, safari hii sawasawa."

"Na ile chai?" aliuliza Zinhum. Alikuwa ameacha kucheka.

"Niliinywa. Haikuwa yangu."

Alikwenda kwa muuza mboga, akamwambia. Alikwenda kwa mpiga pasi, aliyemfuta maji gaunini siku ile, akamwambia, na mpiga pasi akasema ah, mambo ya wanawake. Alipanda mpaka jokoni, akamwambia Usta Ragab, naye akasema yeye alijua tangu mwanzo kwamba mikono ile haifai kushika kitu kilicholowa. Umm Shadia alikasirika hasa.

"Kigelegele changu chote kile!"

"Kirudishe."

"Kinarudishwaje?"

"Mpigie Afkar umwambie ulikosea."

"Nitampigia nimwambie dada yake kapata wazimu."

"Mwambie upendavyo, mradi umwambie liliteleza."

Mwisho wa njia alimkuta muuza sharubati ya urukususu, mtu wa mtaa mwingine, ambaye siku ile hata hakuwepo. Akamwambia na yeye. Mtu wa watu alitua birika lake la shaba, akamsikiliza mpaka mwisho, kichwa kimeinama, akasema, "Mungu akufidie, mama," kama anayempa mkono wa tanzia.

"Amina," alisema Inshirah.

Hakubaki mtu wa kumwambia. Alirudi, akapanda ngazi polepole kwa ajili ya goti, akalipita kufuli, akaingia kwake. Simu aliiweka juu ya meza, akavuta kiti karibu nayo, akakaa, mikono mapajani. Lake alikuwa amelisema. Lililobaki lilikuwa la Afkar, na Inshirah hakuwa na kingine cha kufanya ila kulingoja.